Shaba na Fisi-maji

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Héritière alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kufagia uwanja. Ya pili ilikuwa kuokota panya.

Panya walilazwa kizingitini, mmoja kando ya mwenziwe, kama viatu vya wageni. Siku nyingine walikuwa wawili, siku nyingine wanne. Pembeni yao alikaa Shaba, ameinua kidevu, akingoja kusifiwa. Héritière alivaa mfuko wa plastiki mkononi, akawatupa panya kwenye pipa, kisha akamkuna mbwa wake nyuma ya masikio.

"Umefanya kazi, mama," alimwambia. "Sasa nenda kalale."

Shaba alikuwa mbwa jike, mwembamba, mwenye miguu mirefu na manyoya mekundu kama waya wa shaba uliotolewa ganda. Mjomba Octave alimpata kwa mzee mmoja wa shamba aliyekuwa akiwinda sungura. Sasa Shaba aliishi mjini Johannesburg, mtaa wa Bertrams, katika nyumba ya matofali yenye familia nne na bomba moja la maji. Lakini damu ya uwindaji haikumtoka. Kitu kikikimbia, naye alikimbia.

Mjomba Octave alilinda ghala usiku, akarudi nyumbani kukicha. Kabla ya kulala alimtembeza Shaba, na kabla ya kumtembeza alimfunga shingoni kengele ya mti. Ilikuwa kengele ndogo, nyeusi kwa uzee, inayolia ko-ko-ko. Baba yake, babu yake Héritière, aliichonga huko Moba, Kongo. Mbwa wa huko hawabweki sana, kwa hiyo wawindaji huwavisha kengele ili wajue walipo kwenye majani marefu. Octave aliposafiri kuja Afrika Kusini, nguo zake nyingi zilipotea njiani. Kengele haikupotea.

Kulikuwa na jambo moja lililowachekesha majirani. Kila walipokaribia mto ulio chini ya bonde, Mjomba Octave alisimama, akamvua Shaba kengele, akajivisha mwenyewe. Kisha alimfunga mbwa kamba na kuizungusha mara mbili kiganjani. Basi wakapita kando ya maji namna hiyo, mwanamume mzima mwenye sare ya mlinzi akilia ko-ko-ko kama mbuzi.

"Mjomba, watu wanatuangalia," Héritière alilalamika.

"Waangalie. Baba yangu alifanya hivi, nami nafanya hivi. Karibu na maji, kengele inavaliwa na mtu, na mbwa yuko kwenye kamba. Na wewe usimpeleke mtoni bila mimi. Umesikia?"

"Nimesikia."

Kusikia alisikia. Hakuambiwa sababu, naye hakuuliza.

Upande wa pili wa uwanja aliishi Bi Sumaiya, mama kutoka Tanga aliyeuza vitambaa sokoni Newtown. Alikuwa na pikapu nyeupe na sauti iliyofika hadi barabarani. Alikuwa Mwislamu mwenye kushika dini, na mate ya mbwa hakuyataka kabisa.

"Mbwa wako simchukii, Bwana Octave," alizoea kusema. "Lakini mate yake abaki nayo mwenyewe."

Kila asubuhi alilaza ufagio mbele ya mlango wake. Shaba alifika kwenye ufagio, akasimama, akageuka na kurudi. Kwa mwaka mzima hakuuvuka hata siku moja.

Mtoto wa Bi Sumaiya aliitwa Karimu. Yeye na Héritière walikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na walisoma darasa moja. Ilikuwa mwezi wa Oktoba, mwaka 2017, jakaranda zimechanua zambarau kando ya barabara na mvua za kwanza zimeanza. Wakati wa mapumziko, Murielle, msichana mrefu wa darasa lao, alimsikia Héritière akimsifu Shaba.

"Mbwa gani huyo wa kukamata panya?" alisema Murielle. "Huyo ni paka mwenye miguu mirefu. Siku akikamata kitu kikubwa, niite nije nimpigie makofi."

Watoto walicheka. Héritière alihisi masikio yake yakiwaka.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Karimu alimwambia, "Usimjali. Lakini sikia, kule mtoni nimeona fisi-maji."

"Mwongo."

"Haki ya Mungu! Mrefu, wa kahawia, mkia mnene, ana ndevu kama paka. Anakula kaa juu ya jiwe. Shaba akimkimbiza, mimi nitampiga video kwa simu ya mama. Tutamwonyesha Murielle. Atanyamaza mpaka Krismasi."

Héritière alipiga hesabu. Mjomba alikuwa amelala. Mama yake, Célestine, alikuwa saluni akisuka watu nywele mpaka jioni.

"Hatutakaa sana," alisema mwishowe.

Nyumbani alimfunga Shaba kengele yake. Mtoni alikumbuka kwamba inapaswa kuvuliwa, na mkono wake ukafika kabisa kwenye ukanda wa ngozi. Kisha akafikiria video. Bila kengele, Shaba angeonekana mbwa wa kawaida tu wa mtaani. Akiwa na kengele, angeonekana mbwa wa wawindaji. Akaiacha. Kamba nayo akaifungua.

Mahali hapo mto ulitoka kwenye mfereji wa saruji na kuingia kwenye matete. Mvua ya jana ilikuwa imeleta chupa, matawi na mifuko, na maji yalikuwa ya kijivu, yakinuka choo. Karimu alinyoosha kidole. Juu ya jiwe, ng'ambo ya kidimbwi, fisi-maji alikuwa ameshika kaa kwa mikono miwili, akimtafuna kwa raha zake.

Shaba hakungoja kuambiwa. Aliteremka ukingo kama mshale, ko-ko-ko-ko, akaruka. Fisi-maji aliteleza majini bila kishindo. Lakini hakukimbia mbali. Alielea katikati ya kidimbwi, kichwa tu kikionekana, akimtazama mbwa anavyokuja.

"Anamngojea," alisema Karimu, simu mkononi. "Héri, kwa nini anamngojea?"

Fisi-maji alizama. Shaba alizunguka, akimtafuta. Ghafla fisi-maji aliibuka nyuma yake, akampanda mabegani, akamuuma sikio, akakisukuma kichwa chake chini. Kengele ilinyamaza. Kichwa cha Shaba kilitokea, kikavuta pumzi mara moja, kikazamishwa tena.

"Shaba!" Héritière alipiga kelele. "Mwache! Mwache!"

Karimu alitupa simu kwenye majani, akaokota mawe. La kwanza lilikosa. La pili lilipiga maji karibu kabisa na fisi-maji, naye akamwachia mbwa na kupotelea kwenye matete. Shaba akaanza kurudi, anapiga maji kwa miguu iliyochoka. Alipobakiza kama hatua mbili afike, alisimama. Aliendelea kupiga maji, lakini hakusogea. Ukanda wa kengele ulikuwa umenasa kwenye tawi lililozama.

Héritière alianza kuvua viatu.

"Usiingie!" Karimu alimshika blauzi. "Hujui kuogelea, wewe! Lala chini. Lala, nikushike miguu."

Alilala kifudifudi kwenye saruji, Karimu akaishika miguu yake yote miwili. Kwa kijiti kirefu chenye panda alichokiokota hapo, alijaribu kuunasa ukanda. Mara ya kwanza kijiti kiliteleza. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu kilishika, akavuta kwa nguvu zake zote, na ukanda wa zamani ukakatika. Shaba alielea kama gunia. Walimkamata ngozi ya shingo, wakamtoa.

Alilala ubavu, ulimi nje. Héritière alimwinua miguu ya nyuma ili kichwa kiinamie chini, na maji ya kijivu yakamwagika mdomoni. Kisha Shaba alikohoa. Akakohoa tena. Akafumbua jicho moja.

Héritière alimkumbatia hivyo hivyo, na matope yake na harufu yake. Alipoinua uso, aliiona kengele. Ilikuwa ya mti, kwa hiyo haikuzama. Ilielea taratibu kufuata mkondo, ikapinda kona, ikaenda zake.

Karimu aliokota simu, wakarudi nyumbani. Walimwosha Shaba bombani, wakamfuta kwa gunia. Karimu alinawa mikono mara saba, mara moja kwa udongo kama alivyofundishwa, huku akiangalia mlango wa mama yake.

"Tusiseme," alinong'ona Héritière. "Si amepona? Tusiseme kitu."

"Sharp, sawa," alijibu Karimu, lakini hakumtazama.

Mjomba Octave aliamka jioni kujiandaa kwenda kazini. Aliona sikio lililochanika. Aliona shingo tupu.

"Kulikoni?"

"Alipigana na mbwa wa pale kwenye duka la spaza," alisema Héritière. Maneno yalitoka mepesi kuliko alivyotazamia. "Ukanda ukakatika. Kengele, nadhani mtu ameiokota."

Mjomba aliipapasa shingo ya Shaba pale kengele ilipozoea kukaa. Kisha alisema, "Haidhuru. Wewe hukuumwa, mama? Basi. Kitu ni kitu tu."

Héritière angependa zaidi agombezwe.

Siku ya pili Shaba alilala sana, na alikohoa. Siku ya tatu, Ijumaa, Héritière alipotoka na ufagio, kizingiti kilikuwa kitupu. Hakukuwa na panya hata mmoja. Shaba alikuwa amejikunja nyuma ya pipa, mbavu zikipanda na kushuka haraka haraka, mdomoni ana povu jepesi.

Mjomba Octave aliporudi kutoka kazini alipiga magoti mbele yake bila kuvua hata kofia.

"Sumu," alisema. "Amekula sumu ya panya. Ona povu hili. Héri, lete maziwa. Na mafuta ya kupikia. Lazima tumnyweshe kwa nguvu, atapike."

"Mjomba..."

"Lete upesi!"

Alichanganya maziwa na mafuta kwenye kikombe kwa haraka, nusu ikamwagika. Macho yake yalienda ng'ambo ya uwanja, kwenye ule ufagio uliolazwa mlangoni. Wiki iliyopita alikuwa amemwona Bi Sumaiya akinunua vipakiti vya dawa ya panya kwa vijana wanaouza barabarani, pale kwenye robot, yaani taa za barabarani, magari yanaposimama. Alisimama na kikombe mkononi.

"Mama Karimu!"

Bi Sumaiya alitoka akijifunga mtandio. Karimu alikuwa nyuma yake, begi la shule mgongoni.

"Kulikoni mapema hivi, Bwana Octave?"

"Umeweka sumu uwanjani?"

"Sumu? Ile yangu iko ndani ya kasha, stoo, nimeifungia. Vitambaa vyangu vinaliwa."

"Mbwa wangu anakufa. Na wewe kila siku unamwekea ufagio. Kama humtaki si ungesema, mama? Ungeniambia mimi!"

Mwanamke ambaye sauti yake ilifika barabarani alibaki ameshika mtandio wake, macho yakimjaa machozi.

"Bwana Octave," alisema kwa sauti ndogo, "mimi nimuue mbwa aliyelinda vitambaa vyangu mwaka mzima?"

Majirani walikuwa wamechungulia madirishani. Karimu alimtazama Héritière. Alimtazama tu.

Mjomba Octave aligeuka, akainama, akafungua mdomo wa Shaba kwa vidole, akainua kikombe.

"Si sumu!" Héritière alimshika mkono, maziwa yakamwagika chini. "Mjomba, si sumu. Ni maji. Nilimpeleka mtoni. Kulikuwa na fisi-maji, akampanda mgongoni, akamzamisha. Amekunywa maji mengi, machafu. Na kengele sikumvua, ikanasa, ndiyo ikapotea. Hakupigana na mbwa yeyote. Nimedanganya. Bi Sumaiya hajafanya kitu. Nimedanganya mimi."

"Na mimi," alisema Karimu. "Mimi ndiye niliyemwambia habari za fisi-maji."

Mjomba Octave aliweka kikombe chini. Uso wake ulikuwa umebadilika, lakini si kwa hasira.

"Fisi-maji," alisema.

"Mtaongea baadaye!" alisema Bi Sumaiya, sauti yake imerudi. "Karimu, lete funguo za gari."

Aliingia ndani, akatoka na kanga. Alivuka ufagio wake mwenyewe, akapita uwanja mzima, akaitandika kanga chini, na yeye na Octave wakambeba Shaba kila mmoja upande wake. Mate ya mbwa yalimmwagikia Bi Sumaiya mkononi.

"Mama, mate!" alisema Karimu.

"Nimeyaona. Nitanawa. Fungua mlango wa gari."

Katika kliniki ya wanyama, daktari alikuwa mama wa makamo mwenye miwani. Alisema Kiingereza na Kizulu. Mjomba Octave alijua Kiingereza cha getini tu, kile cha kuuliza watu majina na saa za kuingia. Bi Sumaiya alijua cha sokoni. Basi ikabidi Héritière atafsiri.

"Anauliza mbwa amekula nini."

"Mwambie ukweli," alisema Mjomba.

Héritière akaeleza. Daktari aliweka kipimo chake kwenye mbavu za Shaba, akasikiliza muda mrefu, akauliza tena.

"Anauliza... anauliza nani alimpeleka majini, na lini." Héritière alijibu kwa Kiingereza, kisha akarudia kwa Kiswahili, ili Mjomba asikie. "Nimemwambia ni mimi. Siku ya Jumatano. Nimemwambia niliogopa kusema."

Daktari alimtazama juu ya miwani, akasema maneno mengi kwa upole. Héritière alianza kutafsiri, akashindwa, akaanza tena.

"Anasema maji machafu yaliingia mapafuni, na sasa mapafu yanaugua. Atamchoma sindano na kumpa hewa. Anasema wanyama wa majini wana akili, mbwa akiwafuata wanamvuta kwenye kina, halafu wanamkalia kichwani. Amewaona mbwa wengi wakubwa wakifa hivyo. Na anasema..." Alifuta pua kwa mkono wa blauzi. "Anasema ni vizuri hatukumnywesha kitu kwa nguvu. Jinsi anavyohema, kingeingia mapafuni. Angekufa pale pale uwanjani."

Mjomba Octave aliiangalia mikono yake.

Shaba alibaki kliniki siku tano. Siku hizo Héritière alifagia uwanja wote, na mbele ya mlango wa Bi Sumaiya pia, bila kuambiwa. Jumamosi alikwenda na Mjomba wake kugonga mlango huo.

"Nilikutuhumu mbele ya watu, Mama Karimu," alisema Octave, na alisema kwa sauti ili madirisha yasikie. "Nakuomba radhi mbele ya watu."

"Na mimi nakuomba radhi, Bi Sumaiya," alisema Héritière. "Nilisimama nikakuacha usemwe."

Bi Sumaiya aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Nimesamehe," alisema. "Sasa ingieni mnywe chai. Panya wamerudi stoo, na mimi namtaka mbwa wangu apone haraka."

"Mbwa wako?" alicheka Octave.

"Wetu, basi. Mate ni yako."

Shaba alirudi siku ya Jumatano, mwembamba zaidi, sikio limeshonwa. Jioni hiyo Mjomba Octave alikaa kwenye ngazi na kisu kidogo, akichonga tawi la jakaranda lililoangushwa na upepo. Ilikuwa siku yake ya kupumzika. Héritière alikaa chini yake, kichwa cha Shaba mapajani.

"Baba yangu alikuwa na mbwa aliyeitwa Radi," alisema Mjomba, akipuliza vumbi la mti. "Nilikuwa mdogo kuliko wewe. Radi alimfuata fisi-maji ziwani akiwa na kengele. Tuliisikia inalia, halafu tukaacha kuisikia. Hatukumwona tena. Baba alichonga kengele nyingine, na tangu siku hiyo aliivaa mwenyewe kila tulipofika majini, ili isimnase mbwa. Nami nimeivaa miaka yote bila kukuambia kwa nini. Nilikupa amri, sikukupa sababu. Hilo ni kosa langu, na leo nimelisema."

"Na langu?"

"Lako unalijua. Sema."

Héritière alikuna sikio la Shaba, lile zima. "Nilimwachia majini kwa sababu ya video. Halafu nikadanganya."

"La kwanza ni kosa la mtoto," alisema Mjomba. "Kila mtoto huteleza, hata mimi niliteleza. La pili ndilo lililonitisha. Nililishika neno lako, mama, kwa sababu ni lako. Nikamtafutia mbwa dawa ya ugonjwa asiokuwa nao. Kidogo tu, ningemuua kwa mkono wangu mwenyewe huku nikidhani namwokoa. Na nilimvunjia heshima jirani mwema. Yote hayo kwa neno moja dogo ulilosema jioni moja. Kwa hiyo siku ukikosea, njoo uniambie mapema. Nitakasirika, ndiyo, nitapiga kelele kidogo. Halafu tutatengeneza pamoja."

"Ndiyo, Mjomba."

Jumamosi iliyofuata walishuka bondeni, Mjomba, Héritière, Karimu na Shaba. Kengele mpya ilikuwa nyeupe bado, na mlio wake mwembamba kuliko wa ile ya zamani. Yalipoanza kusikika maji, Héritière alisimama kabla ya kuambiwa. Alimfunga Shaba kamba, akaizungusha mara mbili kiganjani. Kisha alimvua kengele, akaivaa.

Ng'ambo ya mto, Murielle alikuwa akipita na dada yake. "We Héritière!" aliita. "Umekuwa mbuzi?"

"Ndiyo!" alijibu Héritière, akatikisa shingo kwa nguvu, ko-ko-ko-ko, mpaka Murielle mwenyewe akacheka.

Asubuhi ya kesho yake alitoka na ufagio wake kama kawaida. Kwenye kizingiti chao kulikuwa na panya mmoja. Wawili wengine walikuwa wamelazwa mlangoni kwa Bi Sumaiya, upande wa nje wa ufagio.